Soksi ya Kulia

Kwa kuwa rafiki yangu ameshaisambaza habari hii katika makundi matatu ya WhatsApp, na kwa kuwa katika simulizi yake mimi ninalia, nimeona ni haki yangu kueleza mwenyewe yaliyonikuta Kariakoo Jumamosi iliyopita. Sikulia. Mtaa wa Aggrey una vumbi, na mwenye macho atakubaliana nami.

Wanaonifuata hapa wanakumbuka kwamba ni mimi niliyewapa, mwezi uliopita, maelekezo marefu ya kukagua kompyuta ya mtumba. Msiyatafute, nimeyafuta. Lakini siku ile niliingia dukani na rafiki yangu huyo nikiwa bado nayaamini, tukiongozwa na winga, yaani dalali wa kuvuta wateja, aliyetudaka mtaani, nikiwa na flashi mfukoni na orodha ya mambo kumi na mawili kwenye karatasi. Muuzaji alikuwa mzee mpole mwenye kofia ya kufuma. Alitaja laki tano na themanini, akanisogezea kompyuta na kiti.

Nilikagua, jamani. Nilichomoa chaja kwanza, kwa sababu betri iliyokufa hujificha nyuma ya umeme wa ukutani. Nikafungua dirisha la amri, nikaitaka Windows initolee ripoti ya betri: ilitoka kiwandani na uwezo wa 50,000, sasa imebaki 31,000, nikaguna kama daktari. Nikachomeka flashi nikasoma afya ya diski, ambayo ilikuwa imewaka saa 9,200, yaani zaidi ya mwaka mzima usiku na mchana. Nikaingia kwenye mipangilio kuona kama bado imefungwa na akaunti ya kampuni, maana nyingi ya mashine hizi zilikuwa za maofisini Ulaya, na ipo ambayo ukishaifuta upya na kuiunganisha na intaneti hukudai nywila ya mwajiri usiyemjua. Kila hatua niliitangaza kwa sauti, ili winga ajue amemleta mtu wa namna gani.

Jambo la kumi lilikuwa maikrofoni. Nikafungua kinasa sauti, nikasema, “Moja, mbili, tatu.” Hapo mzee akaitwa na mteja mwingine, winga akatoka kununua maji, nasi tukabaki wawili, tumeinamia bawaba za kioo na kunong’ona. Kinasa sauti hakuna aliyekizima.

Mzee aliporudi nikamwambia sasa nataka kusikia spika. Akasema kwa upole, “Jaribu na Bluetooth yake, mwanangu, usije ukasema baadaye haikushika,” akaniunganishia spika ya duka. Naomba muielewe spika hiyo. Inafika kiunoni, imewekwa mlangoni, na kazi yake ni kuita wateja wa mtaa mzima. Nikabonyeza.

“Moja, mbili, tatu,” ikasema Aggrey yote. Nikatabasamu, nikaweka alama ya vema kwenye karatasi. Kikafuata kimya kidogo, na katika kimya hicho nilisikia muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake. Kisha sauti yangu, nzito kama ya muadhini, ikaendelea: “Mimi nitamwambia nina laki nne tu. Laki moja na nusu nyingine ipo kwenye soksi.” Vikombe vikanyamaza. Nilikitafuta kitufe cha kuzima, lakini kidole kikagusa sehemu ya kuongeza sauti. Rafiki yangu wa kwenye spika akauliza kwa nini sikugawanya fedha kwenye soksi zote mbili. “Ya kushoto imetoboka,” nikajibu, na mama aliyekuwa akichagua chaja akaitazama miguu yangu kwa huruma ambayo sijaisahau. Nikaufunga mfuniko wa kompyuta kwa nguvu, ikawa bahati yangu kwamba haikulala mara moja, ikamalizia: “Huyu mzee hajui anachouza. Mtajie prosesa ya kizazi cha nane, atadhani unauliza habari za ukoo.”

Mzee alivua miwani, akaifuta taratibu kwa pindo la shati, akaivaa tena.

“Mwanangu,” akasema, “ukoo wetu haujambo. Vua kiatu tumalize biashara.”

Nikavua. Nikalipa laki tano na nusu, noti zikiwa na joto, na zile thelathini zilizopungua mzee akanisamehe, kwa kauli yake mwenyewe, ili nikanunue soksi. Winga alikuwa amekaa chini akicheka, na maji yamemmwagikia.

Kuhusu yaliyobaki sina mengi. Orodha yangu ilikuwa na mambo kumi na mawili, na kibodi ilikuwa la kumi na mbili. Sikulifikia. Nyumbani, nilipokaa kuandika jina langu, niligundua kwamba herufi A imekufa, na anayedhani hilo ni jambo dogo ajaribu kuandika sentensi moja ya Kiswahili bila hiyo herufi. Nimeazima kibodi ya nje, ndiyo ninayoandikia haya. Kurudi dukani sitaki, ingawa jana winga alinipigia simu kunieleza kwamba umeingia mzigo mpya, mashine safi kabisa, na kabla ya kukata akaniuliza kama leo nimevaa soksi.