Mkulima akae mwenyewe nyuma ya fungu lake

Mnadani tungule (nyanya) hunadiwa tenga kwa tenga, na aliyezilima hajui zimeishia jikoni kwa nani. Dalali simlaumu, mwenye matenga 20 atamuuzia nani asubuhi moja? Lakini mwenye pakacha mbili za bamia na mikungu mitatu ya ndizi mnada haumfai. Huyo anataka soko la shehia (eneo dogo la utawala hapa Zanzibar, chini ya sheha), siku moja kwa wiki, lenye sharti moja: anayeuza ndiye aliyelima, au mtu wa nyumbani kwake.

Sharti hilo ndilo linalovunjwa kwanza. Huja mchuuzi na karoti na mbatata (viazi mviringo) za bara, na kamati inaona haya kumkataza kwa kuwa ni jirani. Haupiti muda, soko limekuwa Darajani ndogo, mfano wa lile soko kubwa la mjini Unguja, lakini isiyo na wateja wa Darajani. Kwa hiyo majina ya wauzaji na wanacholima yaandikwe tangu mwanzo, wajumbe wawili wakayaone mashamba, na karatasi ikae kwa sheha.

Kwa nini ning'ang'anie hivyo? Chukua muhogo. Baada ya siku mbili au tatu tangu kung'olewa huanza michirizi ya buluu ndani, na kwa nje huioni. Mnunuzi anauliza umeng'olewa lini, ni mtamu au mchungu. Mkulima anajibu, na wiki ijayo atamkuta palepale mtu aliyekwenda kuupika. Mchuuzi hubahatisha tu.

Soko lianze saa 1 asubuhi, lifungwe saa 4 kabla jua halijakaza. Mchicha uvunwe alfajiri. Ukifungwa jana vitita vya kubana hupata joto katikati ukageuka manjano. Unyunyizwe maji, ukae kivulini. Bamia usizirowanishe, zitaingia madoa meusi. Tungule zichumwe zinapoanza kugeuka rangi, na tenga lisijazwe pomoni: za chini hupasuka, maji yake yakaziozesha nyingine.

Faida kubwa zaidi iko kwenye Ramadhani. Mwezi hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, basi msimu wa mwaka jana si kipimo. Wateja na wakulima wakae mapema wahesabu kurudi nyuma: viazi vitamu kama miezi 4, muhogo 8 hadi 12. Wasipopatana nani apande lini, wote watapanda siku moja, viazi vijae wiki moja na wiki ya pili visionekane. Mchicha ni rahisi zaidi, tuta moja kila wiki, kwani huvunwa baada ya wiki 3 au 4. (Mahoteli tuyaache kwanza, yanataka mzigo uleule kila siku, na soko changa haliwezi.)

Kingine ni masalio ya saa 4. Usishushe bei dakika za mwisho, maana wateja watazoea kuja saa hiyo. Wauzaji wabadilishane wenyewe, bamia kwa ndizi, kila mtu arudi nyumbani na mboga.