Kompyuta haivunji mapatano bila sababu
Mwandishi wa makala ninayoijibu anadai kwamba mpinzani anayeendeshwa na kompyuta katika michezo ya mikakati huvunja mapatano bila sababu, dai nisilokubaliana nalo, kwa kuwa mpinzani huyo hufuata hesabu: hupima ukubwa wa jeshi lako, ukaribu wa mipaka na ahadi ulizokwisha kuzivunja. Tena wasaliti wakubwa tulikuwa sisi wachezaji. Katika Civilization V, mchezo wa kujenga dola uliotoka mwaka 2010, nilizoea kupokea dhahabu taslimu kutoka kwa mpinzani huyo kwa ahadi ya kulipa kidogo kidogo kila zamu, kisha nikatangaza vita na deni likafutika (ujanja usio wa kujivunia), hadi nyongeza ya Brave New World ya mwaka 2013 ilipoweka sharti la kutangaza urafiki kwanza kabla ya kupewa dhahabu taslimu. Je, kuna msomaji aliyewahi kusalitiwa na jirani aliye dhaifu kuliko yeye?