Bonde la Ufa Limo Ndani ya Maji Tunayokunywa

Machi 2018, mvua kubwa zilipokuwa zinanyesha Kenya, ardhi ilifunguka karibu na Suswa na kuikata barabara inayotoka Mai Mahiu kwenda Narok. Picha za ule mpasuko zilizunguka dunia ndani ya siku chache, na karibu zote zilibeba maelezo mamoja: Afrika inagawanyika. Tangu hapo kila korongo linalochimbwa na mvua ukanda huu linapigwa picha na kusambazwa kwa maneno hayohayo.

Wanajiolojia wengi waliozungumzia tukio lile walikuwa na maelezo mengine. Eneo hilo limefunikwa na majivu ya kale ya volkano za Longonot na Suswa, majivu mepesi yasiyoshikamana. Maji ya mvua yakipata upenyo chini yake huyabeba kidogo kidogo na kuacha uwazi, mpaka siku moja ardhi ya juu inakosa pa kuegemea na kutumbukia. Macho yanaona shimo lililozaliwa usiku mmoja, kumbe limechimbwa chini kwa chini kwa muda mrefu. Inawezekana maji hayo yalifuata nyufa za zamani zilizomo kwenye miamba, na mimi naona hoja hiyo ina uzito. Lakini bara halikukatika wiki ile.

Kinachonisumbua ni kwamba habari hizi za bara kukatika zimetufanya tulitazame Bonde la Ufa kama jambo la kesho ya mbali, la miaka milioni kadhaa ijayo, ambapo bahari itaingia na kutenganisha watu. Tunasisimka, tunasambaza picha, halafu tunaendelea na shughuli zetu. Wakati huohuo bonde lenyewe liko kazini leo. Limo kwenye udongo tunaolima, kwenye maji tunayochota, na kwenye meno na mifupa ya watoto wa Arumeru, chini ya mlima Meru mkoani Arusha. Huko ndiko ningependa tuelekeze macho.

Tuanze na mwendo wenyewe. Ganda la dunia limegawanyika katika vipande vikubwa vinavyoitwa mabamba, na vipimo vya GPS vinaonyesha kuwa bamba la Somalia, upande wa mashariki, linaachana na bamba la Nubia, upande wa magharibi, kwa milimita chache tu kwa mwaka. Tuseme tatu. Mtu aliyejaliwa miaka 70 atazikwa kwenye bara lililotanuka shubiri moja tangu azaliwe. Hakuna anayeweza kuuona mwendo huo kwa macho, na wala huo mwendo wenyewe haumuui mtu.

Jambo la pili ni hii dhana kwamba chini ya miguu yetu kuna bahari ya moto inayosubiri kutoka. Hakuna bahari ya namna hiyo. Tabaka nene lililo chini ya ganda la dunia ni mwamba mgumu, wa moto sana, unaojongea polepole mno. Kinachouzuia usiyeyuke ni mgandamizo wa miamba iliyoulalia juu. Ganda linapovutwa na kuwa jembamba, kama linavyovutwa hapa kwetu, mwamba wa chini unapanda juu, mgandamizo unapungua, na sehemu ndogo yake inayeyuka bila kuongezewa moto wowote. Hiyo ndiyo magma. Ni nyepesi kuliko miamba inayoizunguka, kwa hiyo inapanda. Mara nyingi haifiki juu, inaganda humo humo ndani. Ikifika, tunapata Kilimanjaro, Meru, Rungwe na Nyiragongo.

Kuna sababu pia kwa nini bonde letu lina mikono miwili. Katikati ya Tanzania kuna kipande cha ganda kikongwe na kigumu ajabu. Yale majabali ya Mwanza, pamoja na ule Mwamba wa Bismarck uliosimama ziwani, ni sehemu yake, na umri wake ni zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ufa ulipofika hapo haukuweza kukipasua, ukakizunguka. Mkono wa magharibi una maziwa marefu ya kina kirefu: Albert, Kivu, Tanganyika, Rukwa, Nyasa. Mkono wa mashariki una maziwa madogo ya chumvi na magadi, na volkano nyingi zaidi. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, maana yake sakafu yake iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari. Ziwa Victoria, lililokaa katikati ya mikono hiyo miwili, lina kina cha mita 80 hivi tu. Hilo halikutokana na kupasuka. Kingo za mkono wa magharibi zilipoinuka, mito kama Kagera, ambayo zamani ilitiririka kuelekea magharibi, iligeuzwa njia, na maji yakatuama bondeni. Mvuvi wa Musoma na mvuvi wa Kigoma wote wanaishi kwa fadhila za ufa mmoja, kila mmoja kwa namna yake.

Sasa nirudi mashariki, kwa sababu ndiko ninakotaka kufika.

Julai 2007 ardhi ya kaskazini mwa Tanzania ilianza kutikisika karibu na mlima Gelai, pembeni ya Ziwa Natron. Tetemeko kubwa kuliko yote, la ukubwa wa 5.9, lilitokea Julai 17, na watu wa Nairobi walitoka mbio kwenye majengo yao. Setilaiti zilipopima umbo la ardhi kabla na baada, ilionekana kwamba magma ilikuwa imejipenyeza chini kwa chini kwenye ufa wenye urefu wa kilomita kadhaa, na kuzisukuma pande mbili za ardhi ziachane kwa takriban mita mbili. Haikutoka juu hata tone. Fanya hesabu: kwa mwendo wa milimita tatu kwa mwaka, mita mbili ni kazi ya zaidi ya miaka 600. Deni la karne sita lililipwa kwa wiki chache. Hivi ndivyo bara linavyotanuka kweli, kwa kukaa kimya muda mrefu na kisha kuruka ghafla, na magma ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Mapema Septemba mwaka huohuo, jirani yake, Oldoinyo Lengai, ililipuka na kurusha majivu angani. Wafugaji wa Kimaasai walihamisha mifugo. Lengai ni mlima usio na mwenzake. Volkano nyingine hutoa lava yenye silika (madini yaliyo kwenye mchanga) nyingi na joto linaloweza kupita nyuzi 1,000. Lava ya Lengai ina nyuzi kati ya 500 na 600 tu, na imejaa sodiamu na kaboneti. Mchana haing'ari wekundu. Hutiririka nyeusi, nyepesi kama oili chafu ya gari, na ikishaganda na kupata unyevu hugeuka nyeupe ndani ya siku chache, hata mtu aliye mbali akadhani kileleni kuna theluji. Kwa sasa hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava ya aina hiyo.

Sodiamu hiyo ndiyo kiini cha hoja yangu. Magma ya mkono wa mashariki ni tajiri wa sodiamu na pia wa floraidi, kemikali ya asili inayodhuru meno na mifupa ikizidi. Mvua inapopita kwenye majivu na miamba ya Meru, inayeyusha vyote viwili. Kwenye maeneo yenye chokaa nyingi, kalisi hushikana na floraidi na kuibakiza kwenye mwamba. Hapa kalisi ni haba na sodiamu ni tele, kwa hiyo floraidi haina wa kuizuia, inaendelea kuelea majini mpaka kwenye ndoo. Maji yanatoka meupe na ya baridi, hayana harufu, hayana ladha ya kumshtua mtu. Mama anamchotea mtoto akiamini chemchemi ya mlimani ndiyo maji safi kuliko yote.

Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilikubali hadi 4, kwa sababu maeneo mengi yasingepata maji kabisa kama kiwango cha kimataifa kingefuatwa. Ukanda wa Maji ya Chai na Ngurdoto, chini ya Meru, una vyanzo vinavyozidi kiwango hicho mara kadhaa, na maziwa ya Momella yamepita kiasi hata cha kulinganisha. Momella yenyewe imekaa juu ya kifusi cha mlima: maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa Meru uliporomoka, na yale mabaki yakatapakaa hadi mbali. Ndiyo maana chemchemi mbili zilizo karibu zinaweza kutofautiana sana. Moja inapita kwenye lava ngumu na kutoka na floraidi kidogo, nyingine inapita kwenye kifusi na majivu na kutoka nayo tele. Kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Matokeo tunayajua sote tunaoishi huku. Meno yenye madoa ya kahawia, ambayo watu kutoka mikoa mingine wanayatumia kutambua mtu wa Arusha, yanaanza kuharibika mtoto akiwa mdogo, wakati jino likiwa bado linajengwa ndani ya fizi. Likishatoka, hakuna mswaki utakaoliosha. Hilo bado ni jepesi. Floraidi ikizidi zaidi inaingia kwenye mifupa, na kuna watoto ambao miguu yao imepinda. Nimewaona wakivuka barabara kwenda shule, magoti yameachana au yamegongana, wakitembea kwa kuyumba, na wenzao wamekwishawazoea.

Halafu tunaongeza wenyewe bila kujua. Magadi yanayokwanguliwa kwenye kingo za maziwa na kuuzwa sokoni kwa mafungu, yale tunayotia kwenye maharage na makande yaive haraka, yanatokana na kemia ileile na mara nyingi yana floraidi nyingi. Sufuria moja ya makande inaweza kuwa na floraidi ya maji na floraidi ya magadi kwa pamoja. Na kuchemsha hakusaidii. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi haiondoki na mvuke, na maji yakipungua yanayobaki yanakuwa makali zaidi.

Hili ndilo Bonde la Ufa linalonigusa mimi. Naona uchungu kwamba mwanafunzi wa sekondari hapa anaweza kuchora mchoro mzuri wa mabamba yanayoachana, akaandika aina tatu za miamba na kupata alama zote, na asiambiwe hata siku moja kwamba mchoro huo ndio sababu ya madoa ya meno yake. Jiografia ya sura ya dunia tumeigeuza kuwa somo la kukariri majina ya milima.

Gharama ya kutojua haiishii Meru. Desemba 3, 2023, matope na mawe yalishuka kutoka mlima Hanang na kuufukia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 walikufa. Saa za mwanzo uvumi ulienea kwamba volkano imelipuka. Wataalamu walipofika walieleza kuwa hakukuwa na mlipuko: sehemu ya mlima, yenye miamba laini iliyolowa maji ya mvua, ilikuwa imemeguka. Hanang ni volkano iliyolala zamani sana. Lakini mlima wa volkano hata ukizimika unabaki rundo la majivu na mawe yaliyooza, tena kwenye mteremko mkali. Ulichohitaji kuogopa pale kilikuwa mvua, na mvua tunaweza kuitabiri.

Huko Goma, mashariki mwa Kongo, wenzetu wanaishi na sura nyingine tena. Kila mtu anakumbuka lava ya Nyiragongo ilivyoingia mjini Januari 2002 na ilivyorudi Mei 2021. Kisichosikika nje ni mazuku, hewa ya kaboni dayoksaidi inayovuja ardhini kutoka kwenye magma. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inajikusanya mabondeni na kwenye mashimo asubuhi kukiwa shwari. Mbuzi anashuka kunywa maji, anaanguka. Mtoto anamfuata mbuzi. Mtu mzima aliyesimama wima anaweza asihisi kitu, kwa sababu kichwa chake kiko juu ya ile hewa.

Ufa huu pia unatoa, na Kenya imeonyesha njia. Mtambo wa kwanza wa Olkaria uliwashwa mwaka 1981 ukiwa na megawati 15, na leo joto la ardhini linaipa Kenya takriban asilimia 40 ya umeme wake. Tanzania tuna Ngozi na Kiejo-Mbaka kule Mbeya. Tumekuwa wazito mno.

Lakini kabla ya umeme, maji. Ngurdoto kuna kituo cha serikali kilichofanya kazi miaka mingi ya kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa inachomwa, inasagwa, inajazwa kwenye ndoo au tangi, na maji yanapopita floraidi inanaswa. Si teknolojia ya anga za juu. Mifupa tunayo machinjioni, na fundi wa kujenga tanuru hakosekani. Tatizo ni kwamba mkaa ule unachoka na lazima ubadilishwe, na kubadilisha kunahitaji mtu mwenye jukumu hilo, mwenye bajeti, na mwenye kipimo cha kujua lini umechoka. Hapo ndipo miradi inapokufa.

Ninachoomba kwa halmashauri zote kuanzia Arumeru, Hai, Monduli hadi Singida ni kitu kimoja kinachowezekana mwaka huu. Kila kisima kinachozinduliwa kwa fedha za umma kiwe na kibao, palepale kwenye bomba, kinachoonyesha kiasi cha floraidi, tarehe ya kipimo, na kama maji hayo yanafaa kwa mtoto mchanga au ni ya kufulia na mifugo tu. Kipimo kirudiwe masika na kiangazi, kwa sababu kiasi hubadilika na majira. Kama matokeo yanatisha, bora mama ayaone ili aamue kukinga maji ya mvua paani kwa ajili ya mwanawe, kuliko kufichwa na kuja kuyasoma kwenye magoti ya mtoto.