Umeme wa miaka 15 ijayo, nani kaulizwa?

Jamani mie kwetu Tanga, Ngamiani, sasa hivi niko huku Minnesota, na kila nikiona watu wanabishana habari ya mgao naona tunagombania umeme wa leo tu. Huku kampuni kubwa ya umeme, Xcel, sheria inawabana kila baada ya miaka michache wapeleke mpango wa miaka 15 mbele kwa tume ya serikali, matumizi yatapanda vipi, mtambo upi uzimwe lini, halafu kitu nilichokipenda, hata umeme utakaookolewa kwa kubadilisha taa na kuziba nyufa za nyumba nao unapigiwa hesabu kama chanzo. Na wananchi wanaitwa waseme. Nilienda mara moja, bibi mmoja kasimama na bili mkononi anauliza mkizima makaa ya mawe pale kituo chenu cha Sherco mie baridi ya Januari nitaota nini? Akajibiwa kwa namba. Mtambo mmoja pale ulishazimwa mwisho wa 2023, na sola ya megawati 710 ikapangiwa hapohapo.

Msinielewe vibaya, huku si peponi, bili ya baridi inatoa machozi. Na kwetu si kwamba hatupangi, mpango kabambe wa umeme upo, Ewura, wale wasimamizi wa bei za umeme, nao bei ikitaka kupanda wanaita wadau. Ila kwenye bei mambo yameshaiva, mie nataka tuitwe wakati wa kuchagua chanzo.

Chukua mto Pangani, Hale megawati 21 tangu miaka ya sitini, New Pangani 68 tangu 1995, na maji hayohayo mashamba ya huko juu Kilimanjaro yanayataka. Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, napongeza kabisa, lakini nalo si maji? Ukitoa gesi, mvua ikigoma tunaangaliana. Shangazi yangu anauza barafu na juisi ya ukwaju, angeitwa angewaambia umeme ukikatika mchana kutwa mzigo unageuka maji na mteja anahamia barabara nyingine, na hasara hiyo sijui inaingia kwenye hesabu ya nani.

Mnaosema mwananchi haelewi megawati, mbona Luku, mita ya kulipia kabla, anaielewa, pasi ikichomekwa tu anakutajia uniti zitakazobaki.