Jeneza la Seti I: pambo, au maandishi ya kazi?

Katika makumbusho ya Sir John Soane, London, limewekwa jeneza la alabasta lenye urefu wa karibu mita 2.8, lililochongwa kutoka jiwe moja. Lilikuwa la Farao Seti I, baba yake Ramesses II. Mvumbuzi Mwitalia Giovanni Belzoni alilikuta tupu mwaka 1817 katika Bonde la Wafalme, makaburi ya mafarao huko Misri, na Soane, msanifu majengo, akalinunua mwaka 1824 kwa pauni 2,000.

Wapo wanaosema humo hamna pambo hata moja, ni maandishi ya kumfanyia kazi marehemu. Ndani na nje kumejaa Kitabu cha Malango, maandishi na picha za safari ya baada ya kifo: jua linasafiri kuzimu kwa saa 12 za usiku, na kila lango lina nyoka wake wa kulilinda. Mfalme aliyekufa hupita pamoja na jua. Sakafuni, pale mgongo wa maiti ulipolala, amechongwa Nut, mungu wa kike wa anga, anayelimeza jua jioni na kulizaa alfajiri. Mfuniko ukishawekwa, hiyo sura alichorewa nani kama si marehemu?

Wengine wanaona siasa. Seti hakuzaliwa mwana wa mfalme. Baba yake alikuwa mwanajeshi aliyerithishwa kiti na Farao Horemheb, na kaburi la Horemheb ndilo la kwanza tunalojua kuwa na kitabu hicho. Ukoo mpya ulikuwa na haja ya kujionyesha, na alabasta yenye herufi zilizojazwa rangi ya buluu ni anasa ya wazi.

Kwangu mimi, hoja ya kwanza ina uzito zaidi, kwa sababu ya jina. Seti maana yake ni mtu wa mungu Seth, na Seth ndiye aliyemuua Osiris, mfalme wa wafu. Kaburini waandishi waliikwepa alama ya Seth wakaweka ya Osiris. Walifanya hivyo pia katika hekalu la Abydos, nyumbani kwa Osiris. Msomaji waliyemwogopa hakuwa raia wa Misri, bali Osiris mwenyewe.

Ila siasa, au tuseme ladha ya wafalme, haikwepeki kwenye jiwe. Maneno yaleyale yangefanya kazi juu ya matale, kama aliyozikiwa baba yake. Seti alichagua alabasta. Mwanawe na mjukuu wake Merenptah wakamfuata.

Tahadhari moja kuhusu “ishara ya mwanga” inayosifiwa sana, yaani mng'ao wa alabasta ikimulikwa. Machi 1825 Soane alifanya karamu za usiku tatu, akawasha taa, na wageni wapatao 900 wakaliona jiwe liking'aa. Kaburini hapakuwa na taa baada ya maziko. Hewa ya London nayo imelifanya jiwe kuwa la manjano, na buluu imepukutika karibu yote. Anayetaka kuzifuata picha zenyewe, michoro ya msanii Joseph Bonomi iliyochapishwa mwaka 1864 itamfaa kuliko kuchungulia kupitia kioo.