Wazazi walisomba mchanga wa maabara, sasa waingizwe ndani

Serikali ya Rais Kikwete ilipotaka kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia, wananchi ndio waliobeba mzigo. Kwetu kijijini kila kaya ilichangishwa, akina mama wakasomba mchanga kwa ndoo, wenye maduka wakatoa saruji. Majengo yakasimama. Tangu siku hiyo mzazi anaitwa shuleni kwa michango au kwa sababu mwanawe kaharibu. Ile maabara aliyoijenga hajawahi kuiona ndani.

Hilo ndilo linaloniuma kila ninapohudhuria jioni ya sayansi ya familia katika shule ya msingi ya wanangu hapa Columbus, Ohio. Mtoto haji peke yake, anakuja na mzazi, bibi au shangazi, na wote wanashika vifaa. COSI, kituo cha sayansi cha mji huu kilichofunguliwa 1964, hupeleka vifaa vyake mashuleni kwa gari, lakini shule lazima itafute watu wa kujitolea wa kusimamia meza. Wanatokea: wastaafu, wanafunzi wa chuo, wazazi waliotoka kazini moja kwa moja. Mgahawa wa jirani unaleta chakula, daktari wa mifugo anakuja na picha za eksirei za mbwa aliyevunjika mguu.

Mara ya mwisho nilikaa muda mrefu kwenye meza ya bomba za sindano zilizounganishwa kwa mpira. Ukisukuma hii, ile inapanda. Baba mmoja kutoka Goma, dereva wa lori, alimwambia bintiye kwa Kiswahili kwamba breki za lori lake nazo zinategemea upepo, na kwamba upepo ukiisha, springi zinazibana breki zenyewe na gari haliendi. Yule binti akamuuliza maswali mpaka foleni ikajaa nyuma yao. Nadhani hakuwahi kujua kuwa baba yake anajua sayansi.

Huku nako kuna kasoro, tena kubwa. Shule za mitaa yenye uwezo zina vyama vya wazazi vyenye fedha, nyingine zinahangaika. Anayefanya kazi zamu ya usiku hafiki, na tangazo likiandikwa kwa Kiingereza peke yake, majirani zangu wengi Wakongo na Wasomali linawapita.

Lakini nyumbani tuna watu! Fundi pikipiki anajua mbano wa hewa na mwako. Fundi redio anasoma saketi bila kitabu. Mama anayeuza juisi ya rozela akitia magadi kidogo kwenye glasi, ule wekundu unageuka mbele ya macho ya watoto; akikamulia limau, unarudi. Hiyo ni asidi na besi, na haihitaji kemikali ya kuagizwa Dar. Young Scientists Tanzania wamefanya kazi ya kuheshimika kwa wanafunzi wa sekondari tangu 2011, na wadhamini wao wamesomesha washindi hadi chuo kikuu. Hayo ni mashindano ya wanafunzi. Mimi nazungumzia mzazi wa darasa la nne ambaye hajui kwamba anaweza kumsaidia mwanawe.

Kwa hiyo, Watanzania wenzangu wa huku, chama chetu kikikaa tena kujadili tutume nini, kabla ya kompyuta chakavu tufikirie jioni moja kila muhula katika shule moja ya msingi. Kamati ya shule iwaalike mafundi, mwenye duka la dawa na bwana shamba. Mwenye duka la jumla aombwe soda na maji. Sisi tulipie betri, balbu, nyaya, sumaku na nauli ya mafundi. Na barua ya mwaliko iseme wazi kwa herufi kubwa kwamba siku hiyo hakuna mchango.