Hodi Isiyosubiri Jibu

Kinachonikera katika mabweni ya chuo kikuu si ukaguzi wenyewe, bali ile tabia ya mfanyakazi kupiga hodi mara moja na kufungua mlango kwa ufunguo wa akiba kabla hajakaribishwa. Aliye ndani huenda amelala, anavaa, anasali au anazungumza na daktari kwa simu, na yote hayo yanakatizwa kwa sababu tu kuna taa ya kutazamwa. Sizungumzii moto, bomba lililopasuka wala mgonjwa asiyeitika. Hapo mlango na uvunjwe. Lakini kazi iliyopangwa tangu wiki iliyopita inashindikanaje kutangazwa saa 24 kabla, kwa ujumbe mfupi unaotaja muda, sababu na jina la atakayeingia? Ibara ya 12 ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 inamkinga kila mtu asiingiliwe kiholela katika faragha na makazi yake, na chumba chenye kitanda, dawa na barua za mtu ni makazi, hata kama jengo ni la chuo. Anayeingia wakati mwenye chumba hayupo naye aache karatasi mezani inayoeleza aliingia saa ngapi na alifanya nini.